Mama Guse Anastaafu, Kikapu Kimekaguliwa

Tarehe 30 Juni, Mama Guse, fundi mkuu wa karakana ya makumbusho yetu ya sayansi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Ndivyo ilivyotangazwa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mkuu wa ulinzi, amelisoma tangazo hilo, akarudia kulisoma, na bado hajaridhika. Mtu aliyezoea kufika karakanani kabla ya mafundi wote hawezi kuamka siku moja akakaa nyumbani tu. Ana lake.

Mhariri wa jarida letu ameagiza mambo mawili: wasifu uandikwe katika nafsi ya tatu, na uwe wa kuchangamsha. La kwanza litafuatwa. Kuhusu la pili, mkuu wa ulinzi anajiuliza kwa nini kati ya wafanyakazi wote amechaguliwa yeye, ambaye kazi yake ni kukagua mizigo getini, na ambaye Mama Guse mwenyewe alimbandika jina la Bwana Fungua. Mhariri alipoulizwa alicheka. Kucheka si jibu.

Mama Guse alipoajiriwa, makumbusho haya yalikuwa ya kutazama. Vitu vilikaa ndani ya makabati ya vioo, na mbele ya kila kabati palikuwa na kibao cha bati chenye neno moja: USIGUSE. Watoto walipita mikono nyuma, wakatoka walivyoingia. Kisha mkurugenzi wa wakati ule akaamua tuwe na ukumbi ambao mgeni atashika, atavuta, atazungusha, na kuona mwenyewe sayansi inavyofanya kazi. Mama Guse, siku hizo msaidizi wa fundi bati, akapewa jukumu la kubadilisha vibao.

Hakuona sababu ya kupoteza rangi. Alichukua mkasi wa bati, akazikata herufi tatu za mwanzo, USI, kwa hesabu kwamba ukiondoa katazo inabaki ruhusa. Kikabaki kibao kinachosema GUSE, naye akakipigilia ukutani bila wasiwasi wowote. Siku ya ufunguzi, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyeleta darasa lake alisimama mbele ya kibao kile, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akauliza kwa upole, "Guse nani?" Maana neno hilo peke yake halisimami. Vibao vilivyosalia vikapakwa rangi upya na kuandikwa GUSA kama inavyotakiwa, lakini kile cha kwanza watoto walikuwa wameshakipenda, wanakimbia ukumbini wakiitana "guse, guse". Kipo hadi leo, na jina likamganda aliyekikata.

Wengi husimulia kisa hicho wakaishia hapo. Mkuu wa ulinzi haishii hapo. Kipande chenye USI kilikwenda wapi? Ilikuwa mali ya makumbusho. Mlinzi, wakati huo mgeni kazini na mwenye bidii ya ugeni, alikitafuta kwenye pipa la vyuma chakavu, chini ya meza za karakana, hata juu ya dari ya stoo. Hakukiona. Alipomuuliza mhusika, alijibiwa, "Siku yake ikifika utakiona." Jibu la namna hiyo mlinzi halisahau.

Kazi za Mama Guse ziko ukumbini, anayetaka akazione. Yupo mtoto wa darasa la kwanza anayemnyanyua mtu mzima kwa kukandamiza ncha ya wenzo mrefu. Mtu mzima huyo huwa ni mlinzi wa zamu, kwa sababu, kwa maelezo ya Mama Guse, ndiye pekee aliyesimama karibu bila shughuli. Ipo mashine ya mkono inayowasha taa ukiizungusha, na ukilegeza inafifia. Yapo mabakuli mawili makubwa yaliyotazamana kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule. Ukinong'ona kwenye hili, aliye kwenye lile anakusikia kana kwamba umekaa begani kwake.

Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, alizunguka na bisibisi mfukoni, akipapasa kila nati kwa kiganja. Alikuwa na msimamo mmoja ambao haukumpendeza mlinzi hata kidogo: mtoto hakosei, kifaa ndicho kimekosea. Mlinzi akimleta mtoto aliyeng'oa kishikio, akitarajia akaripiwe, Mama Guse alipiga magoti, akamwomba mtoto amwonyeshe alivyofanya, kisha akamshukuru. Mtoto aliondoka na tabasamu. Mlinzi aliondoka na kishikio.

Sasa tuje kwenye kikapu.

Kila jioni Mama Guse alipita getini na kikapu cha ukindu kilichomvuta bega upande mmoja. Mlinzi alisema, "Fungua," naye akafungua. Ndani mlikuwa na springi, au pedeli, au mkono wa mashine, pamoja na kibali cha karakana kilichosema kifaa kinakwenda kujaribiwa. Kujaribiwa wapi, na karakana tunayo? Na kujaribiwa na nani? Zaidi ya hapo, vitu vilitoka vizima na kurudi vimevunjika. Springi ilirudi imenyooka kama waya wa kuanikia nguo. Pedeli ilirudi vipande. Mama Guse hakuonekana kusikitika. Alikiunda kifaa upya kwa chuma kinene zaidi, kikawekwa ukumbini, na kikadumu miaka. Mlinzi hakuwa na la kushtaki, ila hakulala usingizi wa raha.

Miaka miwili iliyopita mambo yaligeuka. Vifaa vilianza kutoka vizima na kurudi vizima. Mtu mwingine angefurahi. Lakini vikishawekwa ukumbini havikumaliza wiki. Mashine ya taa ilikatika mkono mchana kweupe, mbele ya shule nzima. Wenzo ukalegea, na mlinzi aliyekuwa juu yake akashuka haraka kuliko alivyopanda. Minong'ono ikaanza kwamba Mama Guse anaharibu kwa makusudi, ana kinyongo, anataka akiondoka ukumbi ufe naye.

Wakati huohuo mlinzi, akiwa katika ukaguzi wa kawaida karibu na bakuli la kunong'ona (wanaosema alikuwa amepachika sikio ndani yake wana chuki binafsi), alimsikia Mama Guse akizungumza na fundi seremala upande wa pili wa ukumbi. Alisema, "Jana tena hakuvunja. Wiki nzima hajavunja hata kimoja." Na alisema kwa huzuni. Hebu fikiria. Mtu anahuzunika kwa sababu kitu hakikuvunjwa. Kumbe yupo mvunjaji, na ameajiriwa na fundi mkuu wetu.

Mkurugenzi wa sasa akamwita mlinzi ofisini. Alitaka jibu kabla ya siku ya kustaafu, kwa sababu kama kweli palikuwa na hujuma, basi hapangekuwa na sherehe, wala shukrani, wala jina la Mama Guse ukutani. Angetokea mlango wa nyuma, na karakana ingefungwa, tununue skrini za kugusa kama wanavyofanya wenzetu. Miaka yote ile ya mtu ilikuwa imewekwa mikononi mwa Bwana Fungua.

Alimfuata. Jioni moja jua likiwa bado lipo, alitembea nyuma ya kikapu, mtaa kwa mtaa, hadi kwenye nyumba ya ghorofa nyuma ya duka la dawa. Ngazi zilimpa tabu mlinzi. Mama Guse alizipanda na mzigo wake bila kupumzika. Alipofika mlangoni aligeuka na kusema, "Pita ndani, chai itapoa." Alikuwa amemwona tangu getini.

Nyumba ile yenyewe ilikuwa ya kutilia shaka. Kitasa cha mlango kilikuwa nondo iliyochomelewa. Bomba la maji lilikuwa la chuma, la aina inayofungwa kwenye barabara kwa ajili ya zimamoto. Vikombe vyote vilikuwa vya bati. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kumkinga mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa mezani karibu na dirisha: mume wake, mpakiaji mstaafu wa mifuko ya saruji, anayeitwa na majirani Kishindo. Ndiye aliyekuwa mvunjaji. Kwa miaka yote ile kila kifaa cha ukumbi wetu kilipita kwanza mikononi mwa Kishindo, maana Mama Guse aligundua mapema katika ndoa yake kwamba kitu ambacho mume wake hakukivunja, watoto wa shule hawakiwezi.

Mama Guse alimwekea mkono wa mashine mezani. Kishindo akaushika kwa mkono wa kushoto, akausukuma. Ule wa kulia ulilala mapajani kama si wake. Kiharusi kilikuwa kimempitia miaka miwili nyuma. Mkono wa mashine haukutikisika. "Kaa, mgeni," alimwambia mlinzi. "Jaribu na wewe. Mke wangu siku hizi hachezi. Anachotengeneza hata ukipige teke hakiachii." Mama Guse akatabasamu, akaenda jikoni kuongeza maji.

Alipokuwa huko, Kishindo alimwinamia mlinzi. "Usidhani sijui," alisema. "Mkono huu haufungui hata kizibo cha chupa. Lakini kila jioni anapanda zile ngazi na kikapu, ananiwekea hapa, ananiuliza nimekionaje. Nikimwambia ukweli ataacha kuniletea. Akishastaafu, mwambie wewe. Mimi sitaweza."

Na wakati wa kuagana, Mama Guse alimsindikiza mlinzi hadi chini ya ngazi, akamwambia, "Yeye anaamini vyuma vimekuwa vigumu. Mwache aamini hivyo. Watakachosema kazini, waseme."

Mlinzi amekamata watu wengi katika kazi yake, lakini hajawahi kukamata wawili kwa mpigo wakifichana kitu kilekile. Alirudi kwa mkurugenzi na taarifa fupi: hakuna hujuma, kuna upungufu wa mharibifu. Akapendekeza mlinzi wa mlango wa nyuma, kijana ambaye alishawahi kubaki na komeo la geti mkononi. Tangu hapo kila kifaa kinapita kwanza kwa huyo, kinavunjika, kinaundwa upya, kisha kinapanda ngazi kwa kikapu kama kawaida. Ukumbi umetulia. Mkurugenzi aliposikia habari yote alisema sherehe iandaliwe, na viti vya mbele viwe viwili.

Hapa nafsi ya tatu inanishinda, mhariri anisamehe. Mama Guse, najua unasoma haya ukiwa kwenye kimoja cha viti hivyo, na Kishindo yuko kulia kwako. Anajua. Amejua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasukuma vile vyuma ili uendelee kumuuliza amevionaje. Nimeagizwa nikuambie, nimekuambia. Ukitaka kulia lia, watu wameagizwa wafunike macho kwa karatasi zao za ratiba, nami nitawaangalia mmoja mmoja kuhakikisha.

Lipo moja limebaki. Ijumaa iliyopita ulifika getini ukafungua kikapu kabla sijasema neno. Ndani mlikuwa na kipande cha bati, kingo zimepigwa msasa, herufi tatu: USI. Ukanieleza kwamba miaka yote hiyo kilikuwa kwenu, kimepigiliwa juu ya redio kumwonya Kishindo, na kwamba sasa redio haihitaji tena kulindwa. Nilipokuja kwenu sikukiona kwa sababu nilikuwa nimekipa mgongo. Inaniuma kitaaluma. Kisha ukasema, "Chukua. Kazi yako yote iko humo." Nimekaa na hilo siku kadhaa nikilichunguza kama ni zawadi au ni kejeli, na nimehitimisha kwamba ni vyote viwili.

Nimekipigilia kwenye kibanda changu. Ni kweli, kazi yangu yote imo: usikimbie, usipige picha, usiingie na chakula. Makumbusho yote yanakushukuru, Mama Guse, na tunawatakia wewe na Kishindo siku nyingi za kukaa pamoja mezani hata kama hakuna cha kuvunja. Ukija kututembelea, kikapu kitafunguliwa kama cha mtu mwingine yeyote. Na kwa mamlaka ya kibao ulichonipa mwenyewe, ninakukataza jambo moja tu: usipotee.