Bi Kinanda na Maneno Mawili ya Fundi Cherehani

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi endelea nayo. Ninachoomba ni masikio tu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewafundisha watu kusema kwa kuimba. Wagonjwa walimwita Bi Kinanda. Ametutoka Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Bi Kinanda alianza kama muuguzi, kisha akasomea tiba ya muziki. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye wodi ya watu waliopata kiharusi. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na viti viwili, meza, kinanda kidogo kilichong'oka kitufe kimoja, na dirisha lisilofunguka. Madaktari vijana walimtania, "Kwaya imefika." Naye alijibu, "Imefika, na nyinyi hamjui hata kiitikio."

Usidhani alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Dada yake anatuambia: "Sauti ya mdogo wangu? Mlango unaodai mafuta. Nilimwambia hivyo, akanijibu, 'Dada, nikiimba vizuri watanisikiliza. Nikiimba vibaya watanisaidia.'"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno, lakini wimbo ukabaki. Basi Bi Kinanda alishika mkono wa kushoto wa mgonjwa, akaugonga polepole mezani, silabi moja pigo moja, huku wakiimba sentensi fupi. Wiki baada ya wiki aliupunguza wimbo, mpaka sentensi ikasimama yenyewe. Si wote waliofanikiwa, naye hakumdanganya mtu juu ya hilo.

Kila mgonjwa alianza na sentensi ileile: "Naomba maji." Kila mgonjwa. Hapo ndipo alipokosea.

Katika mwaka wake wa tano aliletwa fundi cherehani mmoja, mzee aliyepooza mkono wa kulia. Bi Kinanda akaanza: na-o-mba ma-ji. Mzee akafumba mdomo. Siku ya pili, vilevile. Siku ya nne akaisukuma bilauri, ikavunjika. Kwenye faili wakaandika, "Hana ushirikiano." Angekataa wiki moja zaidi, nafasi yake angepewa mwingine.

Mkewe ndiye aliyefumbua fumbo. "Mwalimu, huyu hana kiu," alisema. "Asubuhi ile aliyoanguka aligombana na mwanetu. Alimwambia, 'Toka, usirudi kwangu.' Hajasema neno jingine tangu hapo. Na mtoto hajarudi."

Miaka mitano Bi Kinanda alikuwa akiwapa watu maneno bila kuuliza wanataka kusema nini. Aliona aibu, na baadaye aliisema aibu hiyo mbele ya wauguzi wenzake wote. Siku ile alimgeukia mzee tu, akamuuliza, "Baba, tuimbe 'Rudi nyumbani'?" Mzee akampa mkono wa kushoto mwenyewe.

Maneno mawili. Ru-di nyu-mba-ni. Waliyagonga mezani wiki sita. Wiki ya kwanza ulikuwa mguno tu. Wiki ya nne ikatoka "ru". Wiki ya sita Bi Kinanda akamwambia mke wa mzee amwite kijana wao.

Kijana, fundi umeme, alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Nilijua naitwa kuagana naye," anatuambia. "Baba akaanza kugonga meza. Nikadhani ananifukuza tena. Halafu akaimba, vibaya sana: rudi nyumbani. Nililia, sifichi. Yule mama wa kinanda akatoka nje, akatuachia chumba."

Mzee aliishi miaka mitatu zaidi. Sentensi zake hazikuzidi kumi na tano. "Zilitutosha," anasema mwanawe. Na tangu siku ile, kabla ya kugusa kinanda, Bi Kinanda aliwauliza kwanza jamaa wa mgonjwa: "Ana neno gani moyoni?"

Kwa dada yake, kwa binti zake wawili, na kwa wauguzi wa wodi ile, poleni sana. Mungu ampumzishe pema.

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Fundi yule alipata wiki sita za kulirudisha neno lake. Wengi hawapati hata siku moja. Kama leo umemwambia mtu wako neno zito, naye bado anasikia, basi izime redio, umpigie. Hatutakununia.