Kiu ya Peugeot ya Machiniste

Makomeno, mtaa mmoja wa Lubumbashi, kwenye kona ile ambapo lami inakata tamaa, kuna benchi ya ubao iliyolazwa juu ya matairi mawili, na nyuma yake Mama Léonie na thermosi zake tatu: moja ya kawa, moja ya chai, na ya tatu tupu, ambayo iko pale kwa heshima ya biashara. Wenye benchi ni wanaume watatu wasio na kazi lakini wenye ratiba. Wa kwanza ni André, aitwaye Directeur, ingawa hakuwahi kuongoza hata mbuzi. Alikuwa anapiga mihuri katika ofisi moja ya mjini, ofisi ikafungwa, akabaki na mkoba. Wa pili ni Aristote, aitwaye Station kwa kuwa anauza esansi kwa chupa za bia hapo pembeni tangu vituo vya mafuta vilipokauka. Wa tatu ni Papa Édouard, ambaye aliendesha treni miaka ishirini na sita, ndiyo maana kila mtu, hata padri, anamwita Machiniste. Mbele ya miguu yao, kila asubuhi, inanguruma Peugeot 504 nyeupe ya Machiniste. Demareri yake, ile mota ya kuiwasha, ilikufa zamani. Saa kumi na mbili wanaisukuma wote pamoja mpaka iwake, kisha wanarudi benchini na kuiacha ikiwaka, nao wanabishana kwa kupaza sauti juu yake, kama watu waliojenga karibu na maporomoko.

Mkewe Machiniste, Geneviève, alipanda treni mwezi wa saba wa mwaka tisini na nane kwenda Kongolo kumzika mama yake. Alisema wiki tatu. Mwezi uliofuata vita ikaanza, ikakata reli, na tangu hapo Kongolo imekuwa upande wa pili wa dunia. Sasa ilikuwa miezi kumi na tisa. Treni ya kutoka Kamina ilikuwa ikifika siku isiyojulikana, imejaa watu waliotembea porini majuma mazima mpaka wakaikuta reli inayofanya kazi, na Machiniste alikuwa hakosi gare, yaani stesheni, hata asubuhi moja. Moyoni alikuwa na swali moja tu. Kwa kuwa hilo lilikuwa haliulizwi, alileta benchini la pili: kwa nini Peugeot inakunywa hivi?

— Nalikuwa naenda Likasi na kurudi na litre makumi mbili na tano, — alisema asubuhi hiyo. — Sasa ni kilometre tatu mpaka ku gare, tatu kurudi. Juzi nalitia chupa makumi mbili. Makumi mbili! Leo nalitumbukiza kijiti mu tank, kikalowa ncha tu.

— Ni barabara, — Station akasema upesi, maana muuza mafuta hapendi mtu afikirie mafuta. — Uko unahesabu kilometre ya mbele tu. Na ile ya kukwepa mashimo? Kila shimo unalizunguka. Ukinyoosha mizunguko yote, utajikuta Kipushi!

— Messieurs, — Directeur akasema, akafungua mkoba, akachungulia ndani, akaufunga. Kila mtu alijua mna kitana na gazeti la mwaka tisini na sita. — Tuwe na méthode. Ile moteri ni ya Bafaransa. Kwabo kuko chini, karibu na bahari. Lubumbashi iko mètre elfu moja na zaidi. Hewa yetu iko nyepesi. Moteri inatafuta hewa, inaikosa, inakasirika, inakunywa esansi. Bakubwa balisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe.

— Jembe gani, Directeur? Tumupe jembe mu carburateur?

— Ni métaphore.

— Miaka makumi mbili ilikuwa inapumua muzuri, — Machiniste akasema. — Ni leo tu njo inajua Lubumbashi iko juu?

— Imezeeka. Hata wewe, zamani ngazi za poste ulikuwa unapanda bila kusimama.

Mama Léonie aliwamiminia kawa. Alikuwa na namna ya kumimina iliyokuwa maoni kamili.

Station hakukubali kushindwa na mtu mwenye mkoba.

— Munisikilize. Inchi ilibadilisha jina. Ikabadilisha bendera. Ikabadilisha feza. Na kilometre je? Kuna muntu aliuliza? Kilometre ya Zaïre ilikuwa fupi, papa. Ile ya sasa ni ndefu.

— Nani aliirefusha?

— Kama ningemujua, ningekuwa naketi hapa na ninyi?

— Upuuzi, — Directeur akasema, na hapo ikaonekana amepata kubwa zaidi. — Ni shaba. Miaka makumi munane na kitu tunachimbua shaba chini ya huu muji. Udongo imebakia mashimo-mashimo kama mukate ya asubuhi. Tairi inakanyaga, udongo inabonyea. Basi motokari iko inapanda mulima siku zote, mulima yenyewe haionekane.

Machiniste alitazama barabara, na kwa kitambo akauona ule mlima. Mtu aliyengoja miezi kumi na tisa haoni shida kuamini mlima usioonekana.

— Station, — Mama Léonie akaita. — Ile chupa yako ni litre?

— Ni litre, mama.

— Ni chupa ya bière. Nalitumika mu bar miaka kumi na mbili. Mule mu chupa munaingia centilitre makumi saba na kitu, haifike mia. Uko unamuuzishia mukubwa chupa unamuambia litre.

Station alikuna shingo. — Kidole kimoja hakivunje chawa, — akasema. Hakuna aliyeelewa methali ile inamtetea nani, yeye mwenyewe akiwemo.

Machiniste alifunga macho na kupiga hesabu. Chupa ishirini zikawa lita kumi na nne na kitu. Alifungua macho. — Haitoshi. Umeniibia, Station, tutaongea. Lakini haitoshi. Siku mbili, kilometre kumi na mbili, litre kumi na ine? Kuko kitu kingine.

— Tutakijua kisha, — Station akasema, sauti imeshuka. — Nabakia na chupa sita, mukubwa. Kule ku mupaka ma-camion ya esansi haipite tangu wiki mbili. Sita ikiisha, nitauzisha karanga.

Hilo ndilo lililomtia Machiniste baridi. Chupa sita, kwa kiu ile, hazingefika hata kesho jioni.

— Si uende na miguu? — Directeur aliuliza. — Kilometre tatu!

— Nalimupeleka na motokari, nitamurudisha na motokari. — Machiniste alikizungusha kikombe mkononi. — Muguu yake ya kuume haimubebe, unajua. Ashuke pale na mizigo, anikute nasimama na mikono tupu, nimuambie nini? Tutembee?

Station akazihesabu tena zile chupa sita.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipofika, kitenge kimefungwa kifuani, miguuni malapa ya kiume ya rangi mbili tofauti, miguu yenyewe imevimba. Aliomba chai. Mama Léonie alimpa, akaweka sukari mara mbili bila kuombwa, akampiga Directeur begani ili asogee, na mkoba usogee naye.

— Jambo yenu ba papa. Jina yangu Jeanne. Natoka njia ya Kabalo.

— Jambo sana, mama. Karibu kwetu.

Alikunywa taratibu, akiwasikiliza wakirudi kwenye kilometre ndefu na udongo unaobonyea. Kichwa chake kilikuwa kikienda kwa Station, kikirudi kwa Directeur, halafu kikasimama kwenye Peugeot.

— Munisamehe. Ile motokari inangojea nani?

— Ni yangu, mama, — Machiniste akasema.

— Lakini uko umeketi.

— Iko inapumuzika, — Directeur akafafanua.

— Inapumuzika na inalia?

Machiniste alitabasamu kidogo, tabasamu la fundi kwa asiyejua kazi. — Mama, mi nalitumika ku treni. Moteri ya locomotive haizimishwe. Tulikuwa tunafika Kamina, tunakula, tunaoga, tunalala kidogo, yenyewe iko inawaka tu. Mafuta tunahesabu kwa kilometre. Ikisimama, kilometre ni zéro. Zéro ni zéro.

Mama Jeanne alifikiri. Hakuwa na haraka, na hakuwa na mkoba.

— Makala ikiwaka chini ya sufuria tupu, — akauliza, — haiishe?

Station alitazama chupa zake. Directeur alifungua mkoba, akauchungulia muda mrefu kuliko kawaida. Peugeot ilinguruma mbele yao wote, kama ilivyonguruma jana, juzi, na mwaka jana, na kwa mara ya kwanza waliisikia.

— Demareri imekufa, — Machiniste akasema hatimaye, na sauti ya fundi ilikuwa imemtoka. — Hapa kuko bantu ba kusukuma. Na kule ku gare? Ikizimika, nani ataisukuma? Bibi yangu? Atoke Kongolo na ile muguu, kazi ya kwanza asukume motokari? Hapana. Naiacha inawaka, naketi ndani, siwezi kuiacha juu ya bevi, bataiiba. Naangalia. Akitokea, nafungua mulango, tunaenda.

Mama Jeanne aliweka kikombe chini.

— Ku gare? — akasema. — Motokari nyeupe. Njo wewe?

— Njo mi.

— Mi nalishuka ku treni ya siku ya ine. Tulikuona, papa. — Aliongea kwa sauti ya chini, wakalazimika kumwinamia. — Muzee mu motokari nyeupe, madirisha imefungwa, moteri inawaka, anaangalia bantu mu sura, mumoja mumoja. Bantu balisema, ule ni wa usalama, anatafuta benye kutoka kwa ba rebelle. Tukapita ngambo ingine. Benye kutoka Kongolo balifunika kichwa na kitenge, bakapita mbio.

— Nalifunga madirisha juu ya mvua, — Machiniste akasema.

Mama Léonie alishika thermosi bila kumimina.

Machiniste alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikozoea. Miezi kumi na tisa. Treni hamsini, labda sitini. Watu mia mbili, mia tatu kila moja, na kati yao kila mara walikuwemo waliolala Kongolo, waliochota maji Kongolo, ambao wangeweza kusema ndiyo au hapana kwa pumzi moja. Wote aliwatazama kupitia kioo. Aliwatazama kwa upendo mkubwa, akawafukuza.

Wala hakuwa mjinga. Alijua, na sasa hata kelele ile haikutosha kumficha, kwamba ile injini ilimfaa. Mtu anayelinda gari hawezi kwenda kuuliza. Asiyeuliza hawezi kujibiwa.

Alisimama. Akaenda kwenye Peugeot, akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa hata Station akageuka kutafuta ulikotoka. Walisikia kinu cha mtaa wa pili kikitwanga. Walisikia mtoto akisoma hesabu kwa sauti nyumba ya nyuma.

— Mama Jeanne, — Machiniste akasema. Hakuhitaji kupaza sauti, na hilo lilimshangaza. — Bale ba Kongolo. Beko wapi?

— Naviundu, papa. Mu salle ya parokia, karibu na mutoni. Naenda kule sasa. Lakini ni mbali kidogo, na mi natembea polepole.

— Hata mi.

— Tuisukume? — Station aliuliza, ameshasimama. — Mukubwa, zile chupa sita, uzibebe. Bure. Haki ya Mungu.

— Acha. Bakiisikia, batakimbia tena.

— Na ikiibiwa? — Directeur akasema.

— Utaketi ndani, Directeur. Hatimaye utakuwa na bureau.

Mama Léonie hakucheka. Alimfungia Mama Jeanne mandazi mawili kwenye karatasi, akamfungia Machiniste mawili, akakataa kupokea kitu.

Wakaondoka, mwanamke wa malapa mawili tofauti na mzee wa treni, kwa hatua za watu wasiotaka kuchoshana. Wa benchini waliwatazama wakishuka barabara, wakizunguka shimo moja baada ya jingine. Hawakuweza kusikia wanasema nini. Waliona tu, kabla ya kona, Mama Jeanne akisimama na kuuliza kitu, na Machiniste akisimama pia. Aliweka mkono wake wazi hewani, sawa na bega lake, kuonyesha urefu wa mtu. Akautazama mkono ule. Kisha akaushusha kidogo, upana wa vidole viwili, mpaka ukawa sawasawa.