Bwana Rudia, Aliyefunga Daraja Lake Mwenyewe

Baba yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Bwana Rudia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mhunzi na mshona nguo. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha ufundi akiwa mpimaji wa vyuma.

Maabara ilikuwa maisha yake. Alikata kipande cha feleji, yaani chuma cha pua, akakisugua mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali, kisha akatazama kwa hadubini jinsi chembe zake zilivyojipanga. Wenzake wakishaanza kufunga mikoba, yeye alisema, "Rudia."

Tarehe 2 Agosti 1977 alimwoa mama yetu, muuguzi. Siku ya kwanza kufika ukweni alikagua bawaba za mlango kabla ya kusalimia. Babu akauliza, "Huyu kaja kuoa au kukagua nyumba?"

Mwaka 1988 aliletewa nondo za kushikilia daraja la mtoni kutoka juu. Zilivutwa kwa mashine, hazikukatika, akatia sahihi. Hadubini hakuigusa. Ni mara hiyo tu hakurudia.

Mei 1996 nondo moja ilionekana na ufa. Safari hii aliitazama kwa hadubini, chembe kwa chembe. Kiwandani, feleji ilipotoka motoni na kuzimwa majini, haikupashwa moto tena vya kutosha. Ilikuwa na nguvu, lakini chembe zake hazikushikana vizuri. Unyevu wenye chumvi kutoka bahari ya jirani na mzigo wa magari kila siku viliipasua kimyakimya kutoka ndani. Na mama alivuka hapo kila asubuhi kwenda kazini.

"Ufa wa unywele tu, mzee," meneja wake alimwambia. "Tubadilishe hiyo moja, mambo yaende."

"Zote zimetoka tanuri moja. Sahihi ni yangu. Funga daraja."

Daraja lilifungwa kwa neno lake, naye akasimamishwa kazi. Kwa siku kumi na moja alitukanwa hadi mlangoni na waliokosa njia, na sisi watoto tuliogopa kutoka. Siku ya kumi na mbili mafundi walifungua nondo arobaini na nane. Kumi na tisa zilikuwa na nyufa. Moja ilikatika ikiwa mikononi mwao. Nondo zote zilibadilishwa, naye akarudishwa kazini, ila hakujisamehe kamwe.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alisema vipimo ni vizuri, akajibiwa, "Rudia." Viliporudiwa, ugonjwa ukaonekana. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Gari lililomtoa hospitalini lilipofika katikati ya daraja lile, mama aliomba lisimame. Alishuka, akashika nondo kwa kiganja huku malori yakipita.

"Imeshika, Baba Watoto," alisema. "Sasa usirudie. Pumzika kwa amani."