Uzi wa Mama Benitha na Birika Langu

Benchi ni langu. Nasema mapema, kwa sababu wale wanaolikalia hapa Misiera, katika kambi yetu ya wakimbizi, tangu asubuhi wanadhani waliachiwa na baba zao. Kahawa ni yangu pia, na birika, na vikombe saba ambavyo zamani vilikuwa kumi na viwili. Jumatatu hiyo, saa tisa mchana, walikuwepo wawili wa kila siku. Gervais, dereva wa lori wa zamani kutoka Uvira, tunamwita Kilomita kwa sababu hana habari isiyopita barabarani. Rénovat, Mrundi anayetengeneza redio, tunamwita Antena. Katikati yao nilikuwa nimemkalisha Pascaline, Mama Benitha, na sindano zake za kufuma na uzi wake wa njano na wa kijani, umesokotana hata hujui upi ni upi. Benitha mwenyewe hapa hakuna aliyewahi kumwona. Siku watu walipokimbia vita alikuwa kwa bibi yake, ana miaka mitatu, na tangu hapo imepita minne. Sasa mama mmoja wa kanisa alikuwa njiani naye, na kesho yake basi lingewashusha Mbarara. Pascaline alikuwa ameapa: mtoto akikanyaga chini tu, anavaa sweta lililofumwa na mama yake. Mgongo tayari, mikono tayari. Kifua kilifika nusu, uzi ukagoma.

— Kata, akasema Kilomita. Georgette, leta kisu. Tukate, tuunge, mambo kwisha.

— Haukatwi, Mama Benitha akajibu bila kuinua macho. Kila fundo litamukwaruza mutoto kwa kifua.

— Mafundo matatu tu!

— Hata moja. Minasema haukatwi.

Antena akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue somo limeanza.

— Tatizo ni umeme, bwana. Sufu ikisuguana na sufu inatoa umeme, na nyuzi zinavutana. Zilowekwe kwanza.

— Umeme? nikamwuliza. Hapa tunapanga foleni kuchaji simu kwa sola, weye unaona umeme ndani ya uzi?

— Kondoo anazaliwa nao. Nyumbani Ngozi radi ilipiga kondoo watatu kwa mpigo mmoja.

— Na mbuzi?

— Mbuzi walikuwepo palepale. Hawakuguswa.

— Basi afume na manyoya ya mbuzi, akasema Kilomita. Sikilizeni mutu mwenye alitembea. Miaka kumi na mbili minaendesha lori Uvira, Bukavu, Uvira, Bukavu. Kwetu gari inapita kuume, ao siyo? Hapa Uganda inapita kushoto. Mama Benitha, hii uzi ulinunua fasi gani?

— Mbarara, sokoni.

— Na kufika Mbarara ilitoka wapi?

— Nitajuaje? Kampala. Labda Kenya.

— Kushoto, kushoto, kushoto! Safari yote imekuja kwa upande wa kushoto! Na kufuma ulijifunzia wapi?

— Uvira, kwa masista.

— Kuume! Voilà! Mukono wa kuume unavuta uzi wa kushoto. Pale katikati lazima ajali!

Nilicheka mpaka nikajimwagia kahawa kwenye kitenge. Antena akasema huyu mtu apelekwe akapimwe kichwa, na mimi ningelipa nauli. Lakini Mama Benitha hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake. Akafuma mstari mmoja, polepole, akageuza kazi. Akafuma mwingine, akageuza.

— Georgette, niangalie. Nimegeuza upande gani?

— Kuume.

— Na sasa?

— Kuume tena.

— Kumbe ni mimi, akasema. Ni mimi mwenyewe!

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa masista walifuma rangi moja tu, nyeupe, na uzi mmoja hauna wa kugombana naye. Sweta hili alilitaka la mistari ya rangi mbili, mabonge mawili ya uzi miguuni, na kila akimaliza mstari anazungusha kazi upande uleule. Kila akigeuza, nyuzi zinajisokota kidogo tena. Dawa yake ni kugeuza mara moja kuume, mara inayofuata kushoto, basi.

— Nilisema! Kilomita akapiga kelele. Kuume na kushoto! Nilisema!

— Ulisema mambo ya malori, Antena akamwambia.

— Si ni ileile?

Bado palikuwa na msokoto wa tangu asubuhi. Mama Benitha akafunga ncha za sindano kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, mafumo yasichomoke. Kilomita akapanda juu ya benchi langu, na viatu, ashukuru Mungu nilikuwa na shughuli. Akainua mabonge mawili juu, sweta likaning'inia, likaanza kuzunguka lenyewe kurudi kushoto. Likazunguka weee, mpaka Antena akasema kinamshika kizunguzungu. Lilipotulia, njano ilikuwa huku, kijani kule.

— Sasa zisikutane tena, akasema Mama Benitha. Kila moja na nyumba yake.

Bonge la kijani likaingia kwenye boksi la redio la Antena. La njano alitafuta kwa macho, macho yakafika kwenye birika langu.

— Hapana! nikasema. Ile hapana!

— Georgette, dada yangu. Mpaka kesho tu.

Ungemwona uso wake, hata wewe ungetoa. Nikagawa kahawa iliyobaki, nikaliosha birika na kulikausha. Bonge likakaa ndani, uzi ukatokea mdomoni mwake, ukawa unakuja taratibu jinsi anavyouvuta. Alifuma kama mtu anayefukuzwa. Mistari kumi, mistari ishirini, hakuna fundo.

Ndipo pikipiki ikasimama. Mbabazi, kijana wa boda, mwenyeji wa Kakoba, anayemwita kila mwanamke nyabo, yaani mama. Ndiye aliyepatana na Mama Benitha kumpeleka Mbarara na kuwarudisha wawili.

— Nyabo Georgette, kahawa iko?

— Imeisha. Birika lina kazi.

Akaangalia uzi unatoka kwenye birika, akaamua kutouliza, akamgeukia Mama Benitha.

— Nyabo, kesho saa kumi na mbili asubuhi mimi nakuja. Lakini nambie, nipange pikipiki. Huyu mutoto anakaa mbele kwa tanki, ama anakaa nyuma?

Kilomita alinyoosha kiganja kupima kimo hewani, akakishusha, akakipandisha tena. Antena akaanza kufuta miwani. Nami ninayemwita kila siku Mama Benitha, Mama Benitha, sikujua hata kama mtoto anafika kiunoni au begani.

Mama Benitha akaliinua sweta, akalitazama.

— Nilipimia mutoto wa jirani, wa miaka saba, akasema. Lakini ule anakula kila siku. Wangu sijui alikuwa anakula nini.

— Wa miaka saba hukaa nyuma, Antena akasema kwa sauti ndogo.

— Ulimuona?

Antena akarudia kufuta miwani. Mimi machozi yalinitoka, sifichi. Mama Benitha mwenyewe hakulia. Alikunja mdomo kama alivyoukunja tulipomwambia akate uzi.

— Mbabazi.

— Nyabo.

— Mimi nitakaa nyuma kabisa, juu ya chuma cha mizigo. Katikati yetu acha fasi.

— Fasi ya ngapi?

— Sijui. Acha kubwa.

Mbabazi akaitika kwa kichwa. Mama Benitha akageuza kazi, akaanza mstari mwingine.