Kanisa la Shemeji

Benchi lile liko mbele ya duka la kufulia nguo, na wenye nalo ni wale wale: Ramani, mpeleka vifurushi anayejua kila mtaa wa mji huu wa ugenini, Mkalimani, aliyepewa jina hilo kwa kuwatafsiria wenzake lugha ya wenyeji ambayo yeye mwenyewe haijui vizuri, na Fundi Lifti, ambaye kwa miaka tisa hakukosa kukaa pale hata Jumapili moja. Lakini siku hii ilikuwa Alhamisi. Jumatatu mke wa Fundi alianguka kazini akisugua ngazi, na hakuinuka tena. Mazishi ni Jumamosi asubuhi. Fundi alikuwa ameshika fomu ya ofisi ya mazishi, yenye nafasi moja aliyoshindwa kuijaza: jina la kanisa la marehemu.

— Ukikosa kanisa inakuwaje? — Ramani aliuliza.

— Karani wao atasoma jina lake na tarehe, dakika tano, basi. Nimemsikia akijaribu kulisoma hilo jina. Amelivunjavunja.

— Dada yake kule nyumbani je?

— Nimempigia. Anasema alikuwa akimwambia tu, “kanisani kwetu.” Nimeona aibu, bwana. Miaka tisa.

— Simu yake?

— Ilitumbukia kwenye ndoo. Haiwaki.

— Basi wenzake watamtafuta.

— Watamkosa Jumapili — Fundi alisema. — Jumapili atakuwa ameshazikwa.

Mkalimani alimimina kahawa kutoka kwenye chupa, akakohoa kama mtu anayefungua kikao.

— Tutumie akili. Shemeji alivaa kitambaa cheupe, akatoka saa mbili, akarudi saa nane. Hao ni Walutheri.

— Masaa sita? Mlutheri gani huyo? — Ramani alidakia. — Hao ni wale walokole wa ghorofani, juu ya duka la matairi. Nimewapelekea mizigo. Kwa zile ngoma, hata kengele ya mlango hawaisikii.

— Shemeji na ngoma wapi na wapi? Mtu mwenyewe alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

— Ndiyo maana. Sauti yote anaimalizia kule.

— Alikuwa anabeba ndala kwenye mkoba — Fundi alisema. Ndiyo kwanza analikumbuka hilo. — Na siku nyingine pindo la gauni linarudi limelowa.

— Umeona? — Mkalimani alipiga goti lake. — Wanabatizana. Kila wiki, mtoni.

— Mto upi? Mimi ndiye Ramani, nionyeshe mto.

— Basi wanakodi bwawa la kuogelea.

Walicheka kidogo. Fundi naye alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

— Au tuseme ukweli, kaka — Mkalimani alishusha sauti. — Huenda hakukuwa na kanisa. Wangapi hapa wanaaga wanakwenda kusali, kumbe wana kibarua cha pili?

Ramani alimkata jicho. Fundi hakukasirika, nguvu za kukasirika hakuwa nazo.

— Kuna sufuria — alisema. — Kila Jumamosi alikuwa anapika sufuria kubwa, kesho yake analifunga kitambaa anaondoka nalo. Nikawa namlalamikia, chakula chetu unampelekea nani? Linarudi tupu, limeoshwa, tena limesuguliwa mpaka chini, na mke wangu hakuwa mtu wa kusugua chini. Kuna watu wamekula mkono wake miaka yote hii. Wanajua anavyocheka. Na mimi simjui hata mmoja wao.

Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama mwanamke mwenye sare ya usafi, kikapu kiunoni, akisubiri nguo zake zikauke. Lugha yao ilikuwa yake pia.

— Poleni sana, jamani. Nimesikia, samahani. Ndala na pindo la maji, huyo alikuwa anapiga deki. Hata kwetu wako akina mama wanaobaki kusafisha kanisa watu wakishatoka.

— Kwenu ni wapi, dada? — Fundi aliinuka, akamwonyesha picha kwenye simu. — Mwangalie vizuri.

Aliiangalia kwa muda mrefu, kwa huruma, akatikisa kichwa.

— Kwetu simjui. Lakini kaka, hakuwahi kukuambia muende wote?

Fundi alikaa. Hilo alikuwa na jibu lake.

— Alikuwa ananiambia. Kila Jumapili, ameshafungua mlango, ananiambia twende. Namjibu wiki ijayo.

— Mpaka Jumapili hii iliyopita?

— Hapana. Aliacha.

— Aliacha lini?

 Fundi alizirudia Jumapili zake moja moja. Nyingine mke wake yuko mlangoni anamwambia twende, nyingine yuko mlangoni amenyamaza, lakini ile ya katikati, ya kwanza kunyamaza, hakuiona. Aliwageukia wenzake kana kwamba wao wangeijua. Ramani alikuwa akitazama viatu vyake, na Mkalimani alikuwa akifunga kifuniko cha chupa ya kahawa. Huenda siku hiyo mke alifungua mlango akageuka kumwambia, na yeye alikuwa ameshatoka kuwahi nafasi yake benchini.

Mwanamke aliweka kikapu chini, akakaa karibu naye. Swali hakulirudia.