Damu ya Pili

Ndani ya basi la Glasgow lililojaa mashabiki, Senga alimfokea mumewe mpaka waliokaa mbele wakageuka.

"Daktari kakwambia usubiri wakutoe damu mara ya pili! Moyo ukiumia, alama yake huchelewa kuonekana kwenye damu."

"Ya kwanza ilikuwa safi," alisema Archie, akikaza skafu ya timu yake. "Na mechi inaanza saa tisa. Nikae pale nitazame dari?"

"Ungeitazama ukiwa hai, mkaidi wewe!"

"Kiungulia tu, mama. Zile pai zako."

Pai ambazo hajawahi kuzikataa! Kabla Senga hajamjibu, basi likasimama uwanjani. Mashabiki wakashuka wakiimba. Archie, ambaye siku zote hushuka wa kwanza, hakuinuka.

"Senga," alisema taratibu, "hebu muulize dereva kama anarudi hospitali."