Maziwa Yaliyokanwa Kaburini

Kaeni, wanangu. Khalaf kulia kwangu, Abdullatif kushoto, na wewe Wiam, mjukuu wangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Njoo hapa, unisogezee mto kila nikiteleza. Nitasema mara moja, kwani pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia.

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba hii lilikuwa mkate wa kumimina. Baada ya sala ya Alasiri mama yenu Turkiya aliutoa jikoni ungali moto, akaupanga vipande katika chano chake cha shaba, akaufunika kawa, akanambia, "Bwana weye, mpelekee ndugu yangu Marzouq kabla haujapoa. Na umwambie chano nakitaka leo leo, si kama kile cha Ramadhani kilichorudi Mfunguo Tatu." Nilicheka, nikaupeleka nyumba ya pili, chano kikabaki huko, na niliporudi nilimkuta amejilaza. Adhana ya Magharibi haikumwamsha.

Mali si kazi yangu kuigawa. Mwenyezi Mungu keshaigawa. Shamba kubwa la mitende na zamu yake ya maji ya mfereji wa falaji ni lenu, kila mmoja na fungu lake. Bustani ndogo nyuma ya msikiti nimemuusia Wiam, maana baba yake, Khalifa wangu, alitangulia kufa kabla yangu, na bustani hiyo haizidi thuluthi. Hayo ni mepesi. Zito ni Wiam mwenyewe. Tangu Khalifa afe kwa ajali barabara ya Sur, walii wake wa kumuozesha ni mimi, babu yake; nikifa, uwalii unawaangukia nyinyi, ami zake, na nyinyi mmeapa kwamba haolewi na Muadh mwana wa Marzouq. Ndiyo sababu kila asubuhi mnaniuliza hali yangu kwa upole nisiouzoea.

Sikilizeni basi Marzouq ni nani, kwa kuwa mnajua na mnajitia hamjui. Mama yenu alipozaliwa Unguja, bibi yenu aliugua, ziwa likakauka, na aliyemnyonyesha mpaka akaachishwa ni mama yake Marzouq, mwanamke ambaye wazee wake walikuwa watumwa wa watu, na watu walimkumbusha hilo kila walipomwita. Mama yenu na Marzouq walinyonya ziwa moja. Katika sheria yetu ziwa linafunga kama damu: ni ndugu. Mlipokuwa wadogo mlimwita mjomba na mkampanda mabegani. Mlipopata vyeo na magari, akawa Marzouq kavu, halafu akawa "yule mzee". Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na nyinyi mmemtukana mwana wa aliyewanyonyeshea mama.

Muadh alipokuja kuposa, mwalimu wa hesabu, kijana ambaye hata ukimchukia unamchukia kwa kutafuta, wewe Khalaf hukuthubutu kusema mbele ya mama yako kwamba asili yake haitoshi. Ulivaa sauti ya kadhi ukasema, "Haiwezekani. Baina yetu kuna ziwa. Wiam ni maharimu yako." Mama yenu alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. "Lo! Leo mmelikumbuka ziwa! Basi kesho mwiteni mjomba." Nilimpigia simu sheikh wa Nizwa niliyefundisha naye chuoni, na yeye pia alicheka. "Ziwa linamkataza Marzouq kumuoa mkeo," akanambia, "na linamruhusu kumteremsha kaburini. Mtoto wake na mjukuu wenu haliwahusu." Nikawaeleza. Hamkukubali.

Kisha mama yenu akafa, nasi tukafika kaburini. Marzouq akapandisha kanzu yake, akavua viatu, ashuke kumpokea dada yake, kwa kuwa mwanamke hupokewa kaburini na maharimu zake. Ukamwekea mkono kifuani, Khalaf.

"Wewe hapana. Wenyewe wapo."

"Khalaf, huyu ni dada yangu."

"Dada yako kwa lipi?"

Mji wote wa Ibra ulisikia. Alitaka kusema, akamtazama aliyelala ndani ya sanda, akaona aibu kugombana mbele yake. Akateremsha kanzu. Siku ya posa maziwa yalikuwa sheria, siku ya maziko yakawa maji. Na jioni ile, katika sabla yetu ya kupokelea wageni, Abdullatif ukamtia dele la kahawa mkononi awamiminie wageni, ukamwonyesha nafasi karibu na viatu. Alimimina, mzee mwenye mvi, anawamiminia watu kahawa ya matanga ya dada yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi, sina nguvu ya kuinuka, na nilipomwona na lile dele nilimwona Wendell.

Sijapata kuwahadithia Wendell. Nilisoma historia katika chuo kikuu cha Marekani miaka ya hamsini, na aliyekaa karibu nami darasani alikuwa yeye, Mmarekani mweusi aliyetoka vita vya Korea, anasomeshwa na serikali kama askari wenziwe. Vita vikuu vilipokwisha, rais wao alitia saini amri, mwaka 1948, kwamba askari wote watendewe sawa pasipo kutazama rangi. Ikaundwa kamati ya kuwabana wakubwa wa jeshi, na wakubwa wengine wakavuta miguu, mpaka risasi za Korea zilipopunguza watu ndipo vikosi vingi vikachanganywa kweli. Wendell alilala handaki moja na mzungu wa Alabama, wakala kopo moja. Aliporudi kwao, na sare yake na nishani yake, dereva wa basi alimwambia ahamie nyuma.

Tulisafiri pamoja kwenda kusini, tukaingia mkahawa wa kituo cha basi, mimi na kofia yangu ya Unguja kichwani. Mwenye mkahawa akauliza huyu ni nani. Wendell akawahi, "Mwarabu. Ngamia wake wengi kuliko viti vyako." Nikavutiwa kiti, nikaletewa kahawa. Yeye akaambiwa asubiri nje. Nilimfuata, wala msinipe ushujaa kwa hilo, kahawa yenyewe ilikuwa mbovu. Nje nikamuuliza imekuwaje jeshini ikawezekana na hapa haiwezekani. Akajibu, "Jeshini asiyetii anavuliwa cheo. Hapa nani atamvua nani nini?"

Na mwaka 1957, serikali yao ilipopeleka jeshi kuwasindikiza watoto tisa weusi waingie shule ya wazungu, jeshi lile lile lililochanganywa liliwaacha nyuma askari wake weusi, wenye mji wasije wakaudhika. Tuliposikia, Wendell alisema tu, "Tulifaa kwa kufa," akaendelea kusoma.

Kwa hiyo sishangai sana, na hilo ndilo linaloniuma. Khalaf, Sheria ya Msingi ya nchi hii ilipotoka mwaka 1996, wewe ndiye uliyetusomea sablani, kwa Kiarabu kizuri: raia wote sawa, hawabaguliwi kwa asili wala kwa rangi. Marzouq alikuwepo. Alikusikiliza kama anayesikiliza barua iliyoandikwa kwake. Serikali imefanya lake. Haiwezi kuja kupanga nani akae karibu na viatu vya wageni wako. Nawe Abdullatif, kambini Marzouq alikuwa sajini wako, ulisimama wima mbele yake mpaka jasho likakuingia machoni hukuthubutu kulifuta. Ulipovua sare, heshima ukaitundika msumarini pamoja nayo.

Nilidhani waliokanyagwa wanajua uzito wa mguu. Tulifika hapa kutoka Unguja na masanduku mawili, tukaitwa Wazinjibari, tukachekwa Kiarabu chetu. Mama yenu alirudi analia kutoka soko la wanawake la Jumatano kwa kuwa muuza ubani alimjibu kwa kumwigiza. Mliona. Mlikasirika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mlipoupokea mliusikia uchungu, na mlichojifunza ni namna ya kuushika.

Maji, Wiam. Kidogo. Ahsante, mama.

Sasa maagizo. Nisicheleweshwe, nikifa asubuhi nizikwe kabla ya Alasiri. Msinijengee chochote juu. Sabla ifunguliwe, na dele la kahawa la matanga yangu alishike Khalaf, kwa mkono wako mwenyewe, na kikombe cha kwanza ukimpe Marzouq, naye awe amekaa mahali pangu. Na kaburini, Marzouq awe upande wa kichwa changu. Mkimwekea mkono kifuani tena, basi niacheni juu, msiniteremshe. Mtakwenda kwake kabla sijafa mkamtake radhi. Asipowapa, msimlaumu, la kuvunda halina ubani, lakini ubani mtapeleka.

Sina chuki nanyi. Nimechoka nanyi, ni jambo jingine. Mungu awape watoto wawatazame vizuri kuliko mlivyotazama. Awape riziki ya halali na macho ya kuiona aibu ingali mbali. Radhi yangu... radhi yangu mnayo, mkiyafanya hayo. Mama yenu aliniacha na yake kwa ajili yenu, sijui kama mnaitaka.

Inueni kichwa changu. Hapo.

Limebaki moja. Mnangoja nife, uwalii uje kwenu. Mmechelewa. Matanga yalipokwisha, mlipumzika siku ile kwa kuwa mmechoka na wageni. Kulipokucha asubuhi yake, kabla hamjaamka, nilimwita Wiam jikoni, nikamuuliza kama anamtaka Muadh. Nikamuuliza mara ya pili. Akanambia, "Babu, ukiniuliza tena nitadhani unamtaka wewe."

Nikajikongoja na bakora mpaka nyumba ya pili. Sheikh wa Nizwa, niliyempigia simu usiku, alikuwa keshafika, na mashahidi wawili. Marzouq alinifungulia mlango, akanishika mkono akaniingiza. Nikaushika mkono wa Muadh. Nikasema, nimekuozesha mjukuu wangu Wiam binti Khalifa. Akasema, nimekubali.

Halua tuliila katika chano cha mama yenu. Kisha nikakiosha, nikakirudisha jikoni mwenyewe.